Noti Yenye Doa la Hina

Jumatatu hina ya harusi ya Zuhura
ilikuwa bado haijakauka vidoleni,
na mbaazi zimeniishia.
Nyevu akapita na kikapu, ametoka Ganda kwa miguu:
mbaazi mbichi, zina umande, zina vumbi la kwao.
Nikamwambia, ghali.
Akasema, "Mama Tima, hizi hazikupanda lori."
Nikachomoa noti ya mia mbili,
kidole kikaiachia doa pembeni,
duara jekundu, kadiri ya punje.
Sikuiwazia tena.

Mimi ni mtu wa lori, sijifichi.
Miaka tisa naamka saa tisa za usiku
nikasimame kando ya lami na gunia tupu:
nyanya za mbali, vitunguu vya mbali zaidi,
mbaazi kavu zilizovuka mpaka
zikafika ngumu kama changarawe,
debe zima la makaa ndipo zilegee.
Dereva hajui jina langu. Ananiita "mia nane."
Anahesabu, anatia mfukoni, anawasha injini,
na shilingi zangu zinapanda naye, zinakaa kiti cha mbele,
zinaiaga Malindi bila kugeuza shingo.

Wahenga walituonya na msala upitao.
Hawakujua utakuja na magurudumu kumi.

Basi zile mbichi nikazibandika.
Nusu saa tu. Tui likaingia, likatulia.
Shebwana, fundi cherehani, akaifuta sahani kwa hamri,
akauliza, leo jikoni kuna harusi ya nani?
Nikamwambia, ya njaa yako.

Ijumaa ya pili, watu wametoka msikitini,
Shebwana huyo huyo analipa chai na mahamri manne.
Noti ya mia mbili.
Pembeni, duara jekundu.
Nikaiinua kwenye mwanga wa mlango.
"Umeipata wapi?"
"Kwani nimeiiba?"
"Nijibu, Shebwana."
Kwa Chengo wa baiskeli, alishonesha sare ya mwanawe.
Chengo naye kapewa na Mbeyu wa mashine ya kusaga,
pancha mbili na mnyororo.
Mbeyu hakukumbuka. Kesho yake akanijia mbio, unga hadi kwenye kope:
"Ni Nyevu! Alisaga mahindi, akalipa na deni la mwezi jana."

Nikakaa juu ya kibao cha mbuzi, nikacheka peke yangu.
Noti moja imesaga, imeziba pancha, imemvisha mtoto,
kisha imerudi kwangu kunywa chai,
imechakaa kidogo, inanuka unga na grisi.

Zile nilizompa dereva sikuzitia doa.
Na ningezitia, ningezingoja mpaka lini?

Sisemi tufunge barabara.
Majani ya chai hayaoti Malindi, najua,
na mwezi wa pili Nyevu hana kitu
ila kisima kikavu na heshima yake.
Siku hizo nitarudi kando ya lami, niitwe mia nane.
Lakini wewe unayeishika nyanya ya Sabaki
ukaigeuza, ukasema ina kovu:
kovu hilo ni la jua lako mwenyewe.
Nawe uliyeumwagia saruji ua wote,
lile kopo la rangi liko tupu nyuma ya choo.
Litoboe chini, tia samadi, panda mchicha.
Hata bamia, ukimpa maji ya kuoshea mchele,
hana kiburi.

Leo asubuhi Nyevu kaja na vikapu viwili
na bintiye, kabeba cha tatu.
Akauliza, "Hina utatia lini tena?"
Nikamwonyesha ukucha:
kumebaki mwezi mwembamba, mwekundu, ncha tu.
Nikamlipa upesi
kabla haujatua.